Ngome ya kuazima: historia ya filamu moja ya bei chee tuliyoitazama Muhima

  Wiki hii zamu ya kuandika ni yangu, na mada ni historia. Wenzangu wamekwisha kuandika juu ya reli, juu ya kahawa, juu ya mipaka iliyochorwa na Wazungu. Mimi nitaandika juu ya filamu ya kutisha. Msicheke kwanza. Someni mpaka chini, halafu mtaniambia kama si historia.

Ilikuwa Jumamosi jioni, hapa Muhima, kwenye kile chumba tunachoazimwa kwa mikutano. Wanaojua Kigali wanaijua njia: ukishuka basi Nyabugogo unapanda kilima kuelekea mjini, jasho linatoka, pikipiki zinakupita kushoto na kulia. Tulikuwa watu kama thelathini: vijana wanaoishi mjini, sisi tuliotoka kambini kwa mafunzo ya siku tatu, wafanyakazi wawili wa shirika, na mama mmoja aliyekuja kumsindikiza binti yake akaamua kubaki. Mvua ilikuwa inanyesha. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima, spika moja inayokoroma. Filamu ilikuwa The Terror, ya mwaka 1963. Mimi nilikaa pembeni na maikrofoni, natafsiri kwa Kiswahili.

Dakika kumi za kwanza mambo yalienda vizuri. Ngome juu ya mwamba, mawimbi, giza, mlango unaolia. Wadogo wakapiga kelele ile ya raha. Hapo yule mama akasema kwa sauti, bila hasira: "Mwanangu, miye nilishaona bafu ba kweli. Bafu ba kweli habana miziki."

Chumba kikanyamaza. Nilikuwa na maikrofoni mkononi na sikuwa na neno. Hii insha ni jibu langu kwake, limechelewa mwezi mmoja.

KWA NINI HIYO FILAMU

Sababu ya kwanza ni ya kimaskini: ni ya bure. Na si bure ya kuiba. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka kila filamu inayotoka ionyeshe alama ya haki miliki, mwaka, na jina la mwenye haki. The Terror ilitolewa bila kutimiza sharti hilo, basi kule Marekani ikawa mali ya watu wote. Ndiyo maana ukiitafuta kwenye intaneti unaikuta mahali pengi, nakala nzuri na nakala mbovu. Kikundi chetu kilikubaliana mwaka huu kuacha kuonyesha filamu za wizi, na ukiondoa za wizi, kwa mfuko wetu zinabaki za zamani.

Sababu ya pili ndiyo iliyonivuta mimi. Nilisoma jinsi hiyo filamu ilivyotengenezwa, nikaona kama nasoma habari zetu: watu wasio na kitu, wanaofanya kitu kwa vitu vya wengine kabla wenyewe hawajavichukua.

Mwenye hiyo kazi ni Roger Corman. Alizaliwa Detroit mwaka 1926, akasomea uhandisi katika chuo kikuu cha Stanford, akafariki Mei 2024 akiwa na miaka 98. Alijulikana dunia nzima kwa jambo moja: kupiga filamu haraka na kwa pesa kidogo. The Little Shop of Horrors ya mwaka 1960, sehemu yake kubwa aliipiga kwa siku mbili na usiku mmoja, kwenye mandhari iliyokuwa imeachwa na kazi nyingine. Mwaka huohuo alianza kutengeneza filamu kutoka kwenye hadithi za Edgar Allan Poe, mwandishi Mmarekani wa karne ya 19. Hizo zilikuwa filamu za ngome, makaburi, na familia zenye siri.

Mwaka 1962 Corman alikuwa anamaliza moja ya hizo, The Raven. Ngome yake ilikuwa imejengwa ndani ya studio: mbao, plasta, na rangi ya kufanana na mawe. Kazi ikiisha, mafundi wanabomoa. Corman akaangalia ile ngome kama mama anavyoangalia ugali uliobaki jana: kuutupa ni dhambi. Ndani ya The Raven alikuwamo mzee Boris Karloff, miaka kama 75, yule aliyecheza zimwi la Frankenstein mwaka 1931. Corman akapatana naye siku chache zaidi. Hadithi ilikuwa haijakamilika. Wakampiga picha Karloff akitembea kwenye korido, akishuka ngazi, akifungua mlango, akitazama nyuma. Waigizaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba hawakujua vizuri habari inaelekea wapi.

Baada ya hapo ngome ikabomolewa, na Corman akabaki na kipande cha filamu kisicho na kichwa wala mkia. Miezi mingi iliyofuata alikuwa anatafuta mtu wa kumshonea vilivyobaki. Kijana aliyekuwa msaidizi wake, Francis Ford Coppola, alitumwa pwani ya Big Sur huko California kupiga picha za bahari. Halafu Monte Hellman akapiga sehemu. Jack Hill akapiga sehemu. Na mwigizaji kijana aliyecheza askari, Jack Nicholson, naye akaongoza kidogo. Juu ya filamu limeandikwa jina la Corman peke yake, lakini mikono ilikuwa ya watu watano.

Mwaka 1963 hakuna aliyejua majina hayo madogo. Mwaka 1972 Coppola akatoa The Godfather. Nicholson akaja kushinda Oscar tatu. Mimi sisemi kwamba kila anayefanya kazi ya bei chee atakuwa mtu mkubwa. Wengi hawakuwa. Nasema tu kwamba shule yao ilikuwa ngome ya mbao inayosubiri kubomolewa, na walimu wao walikuwa haraka na upungufu. Hizo shule mbili sisi tunazo, ada tumeshalipa.

HADITHI YENYEWE

Nitaisimulia mpaka mwisho, juu bila mwisho insha haina maana. Anayetaka kuitazama kwanza aitazame kwanza, ni kama dakika 80.

Ni mwaka 1806, vita vya Napoleon. Luteni Mfaransa, Andre Duvalier, amepotea na jeshi lake, anafika pwani ya Baltiki kaskazini mwa Ulaya amekauka kwa kiu. Anamwona msichana mzuri. Msichana anamwonyesha maji ya kunywa, kisha anapotea baharini. Andre anaamka kwenye kibanda cha bibi mmoja aitwaye Katrina. Anauliza: yule msichana ni nani? Bibi anajibu: hapa hakuna msichana.

Andre anafuata nyayo mpaka ngome ya Baroni Von Leppe, ndiye Karloff. Naye anasema: hapa hakuna msichana. Lakini ukutani kuna picha ya mke wa Baroni, Ilsa, na sura ni ileile ya msichana wa pwani. Huyo Ilsa amekufa miaka 20 iliyopita. Baroni alimkuta na mwanaume mwingine, kijana aitwaye Eric, na usiku huo mke akauawa. Tangu siku hiyo mzee amejifungia ndani ya ngome na mtumishi mmoja, na usiku mzimu wa mke wake unamwita ashuke chini makaburini akajiue.

Sasa nani anautuma huo mzimu? Ni bibi Katrina. Ni mchawi, na ni mama yake Eric. Anaamini Baroni ndiye aliyemuua mtoto wake. Miaka yote anatafuta kulipiza, na hataki Baroni auawe tu, anataka ajiue mwenyewe ili hata roho yake ipotee.

Karibu na mwisho mtumishi anasema ukweli. Usiku ule hakufa Eric. Aliyekufa ni Baroni. Eric alimuua, akakaa kwenye kiti chake, akavaa nguo zake, akachukua jina lake. Akaishi miaka 20 kwa jina la yule aliyemuua, mpaka akili yake ikageuka akaamini kabisa kwamba yeye ndiye Baroni.

Kwa hiyo yule bibi, miaka yote, alikuwa anamwinda mtoto wake mwenyewe.

Anapoambiwa, anakimbia kuzuia. Amechelewa. Radi inampiga mlangoni mwa kanisa la ngome. Chini, mzee amefungua maji ya bahari, makaburi yanafurika, anazama pamoja na mzimu wake. Andre anamtoa msichana nje, na mikononi mwake anaoza.

Kuna kichekesho kidogo hapa cha historia. Ile sehemu ya mtumishi kusema ukweli haikuwa kwenye mpango wa kwanza. Corman alipotazama vipande vyote akaona hakuna anayeweza kuelewa, akawaita tena Nicholson na Dick Miller, aliyecheza mtumishi, wakapiga mazungumzo ya kueleza kila kitu. Yaani siri kubwa ya filamu nzima ni kiraka kilichoshonwa baadaye juu ya tundu. Na kiraka ndicho kilichoipa nguo maana.

KWA NINI MZIMU ANAKAA NGOMENI

Hii aina ya hadithi ina mwaka wa kuzaliwa. Mwaka 1764 huko Uingereza Horace Walpole alitoa kitabu The Castle of Otranto. Ngome, mtawala mwenye jina asilostahili, mizimu inayodai haki. Toleo la kwanza halikuwa na jina la Walpole. Lilidai kwamba ni tafsiri ya maandishi ya kale ya Kiitaliano. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha aina hii kilikuja duniani kimevaa nguo za tafsiri. Filamu nazo hazikuchelewa. Mwaka 1896, sinema ikiwa bado mtoto mchanga, Georges Méliès wa Ufaransa alitengeneza filamu ya dakika chache, Le Manoir du diable, ambayo wengi wanaiita filamu ya kwanza ya kutisha. Ndani yake kuna nini? Ngome, popo, na shetani.

Nilijiuliza kwa nini ngome. Nadhani ni kwa sababu ngome ni nyumba ya mtu ambaye hakuna wa kumshitaki. Kuta ni nene, sauti haitoki. Anachofanya mwenye ngome usiku hakuna polisi wa kuuliza. Basi hadithi inamtuma mzimu, kwa sababu mzimu peke yake ndiye anayeweza kupita ukuta. Ukichunguza hizo hadithi, chini kabisa utakuta kesi ya zamani ambayo haikusikilizwa.

Na hapa kwetu ngome zipo. Zanzibar, katikati ya kisiwa cha Unguja, kuna magofu ya kasri la Dunga, la Mwinyi Mkuu, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Watu wanasimulia mpaka leo kwamba wakati wa kujenga waliuawa watumwa ili damu yao ichanganywe na chokaa, kuta ziwe imara. Mombasa kuna Ngome ya Yesu, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waingereza baadaye wakaigeuza gereza. Hapahapa Kigali, mtu yeyote mzima ukimwambia "1930" anajua: lile gereza la matofali mekundu, lililoitwa kwa mwaka wake. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 lilijaa kupita kiasi. Wafungwa walihamishiwa Mageragere mwaka 2018. Nikipita pale nilikuwa natembea haraka bila kujua kwa nini, na hakuna aliyenipigia muziki.

Unaona, yule mama alikuwa na haki. Ngome za huku hazihitaji plasta.

MTU MWENYE MAIKROFONI

Niseme pia juu ya kazi niliyokuwa nafanya jioni ile, kwa sababu nayo ina historia, na vijana wengi wanaipenda bila kujua imetoka wapi.

Filamu za nje zilipoanza kuingia kwenye vibanda vya video vya Afrika Mashariki, shida ilikuwa lugha. Uganda wakatokea watu wanaoitwa VJ, anakaa na maikrofoni, anatafsiri kwa Kiganda, anaongeza utani, anawapa wazungu majina ya mtaani. Tanzania lilivuma jina la Lufufu, aliyeziweka filamu kwa Kiswahili. Hapa Rwanda kazi hiyo inaitwa agasobanuye, kutoka neno la kueleza, la kufafanua. Aliyejulikana kuliko wengi ni Nkusi Thomas, ambaye kila mtu alimwita Yanga, aliyefariki Agosti 2022. Kuna vijana wa umri wangu ambao sauti ya kwanza ya Rambo wanayoikumbuka ni sauti ya Yanga.

Wengine wanaidharau hiyo kazi. Wanasema ni uharibifu, tena ni wizi. Kwenye wizi sibishani nao, kwani filamu nyingi hazikulipiwa. Lakini uharibifu hapana. Wakaliwood imetokana na huko. Kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa pesa inayosemwa haikufika dola 200, na sauti ya VJ Emmie ikabaki ndani ya filamu yenyewe kama mwigizaji mmojawapo. Na Dar es Salaam, kwenye miaka ya 2000, Mussa Banzi alitoa Nsyuka na Shumileta, filamu za kutisha za video, bila ngome yoyote ya Ulaya. Jini hahitaji baroni. Anabisha hodi kwenye nyumba ya kawaida.

Basi mimi jioni ile nilikuwa najaribu kuwa Yanga. Baroni nilimpa sauti ya chifu mmoja wa kijijini anayependa kesi. Katrina nilimpa sauti ya bibi yangu. Watu wakacheka. Baada ya maneno ya yule mama nilijikaza nikaendelea, na yeye akabaki kwenye kiti chake, mikono kwenye mapaja.

Halafu tukafika pale mtumishi anaposema ukweli. Nikatafsiri sentensi moja: "Yule si Baroni. Yule ni Eric." Nikanyamaza. Utani uliisha wenyewe. Kwenye giza nikamsikia yule mama akisema polepole, kama anaongea na mtu aliye karibu: "Kumbe ni mtoto wake. Anamumaliza mtoto wake."

MAMBO MAWILI TULIYOZUNGUMZA

Taa ziliwaka, na kawaida watu wanakimbilia chai. Siku hiyo walibaki. Nitaandika mambo mawili tu kati ya yaliyosemwa, bila majina.

La kwanza lilikuwa juu ya jina. Kijana mmoja aliuliza: mtu anaweza kweli kuishi na jina la mwingine mpaka asahau lake? Wafanyakazi wa shirika walitazamana. Sisi hatukuona swali la ajabu. Wako kati yetu ambao jina la kwenye karatasi liliandikwa vibaya siku ya kuvuka mpaka, karani amechoka, mama analia, na kosa likawa ndiyo mtu. Wako waliovuka na shangazi wakaandikwa watoto wake. Mimi mwenyewe kwenye karatasi nimezaliwa tarehe 1 Januari. Mama yangu anasema nilizaliwa wakati wa kuvuna maharagwe. Kila mwaka tarehe 1 Januari watu wananipongeza, nami nasema asante, na sasa nimeanza kuona kama ni kweli. Eric aliiba jina kwa kuua. Sisi hatukumuua mtu. Lakini ile hofu ya mzee Karloff, kwamba siku moja mlango utafunguka na mtu ataniita kwa jina langu la kweli, na mimi sitaitika, hiyo tunaielewa.

Na Karloff naye! Jina lake la kuzaliwa ni William Henry Pratt, Mwingereza wa London. Mwaka 1909 alihamia Canada, akafanya kazi za mikono, na alipoingia kwenye uigizaji akajiita Boris Karloff. Dunia nzima ilimwogopa Karloff. Pratt hakumjua mtu.

La pili lilikuwa zito zaidi. Nyote mnajua maneno yanayozungumzwa usiku siku hizi. Ukikaa na vijana wenzako baada ya redio kusema habari za nyumbani, unasikia: tutarudi, tutawaonyesha, wao walitufanyia hivi na sisi tutawafanyia hivi. Mimi pia nimesema hayo maneno. Siyaandiki hapa ili kumlaumu mtu.

Yule mama ndiye aliyezungumza. Alisema hapendi filamu, na mizimu ya yale mambo ya Wazungu haimwogopeshi. Lakini yule bibi anamjua. Alisema amekutana na mabibi kama yule, na mababa, wenye kilio cha haki kabisa, waliotuma watoto wa wengine na wa kwao kwenda kulipiza. Na mara nyingi aliyerudi kufa mlangoni ni wa kwao. Akasema: "Ye alilia miaka makumi mbili kwa mtoto mwenye angali muzima." Halafu akaniambia mimi: "Hiyo muende muwaonyeshe kule kambini."

Mfanyakazi mmoja wa shirika akauliza, kwa heshima, kama si hatari kuwaonyesha watu waliopitia vita filamu yenye maiti na moto. Ni swali zuri na sikulipinga. Tukakubaliana hivi: tutatangaza mapema filamu ina nini, watoto wadogo hapana, mlango unabaki wazi na taa moja inawaka nyuma, anayetoka haulizwi kwa nini, na baada ya filamu hakuna kutawanyika kabla watu hawajazungumza. Wenye vikundi kwingine mnaosoma hapa, mnaweza kuchukua huo utaratibu, haulipiwi.

FILAMU NDANI YA FILAMU

Nimalize na kipande cha historia ambacho sikukijua jioni ile. Nilikipata baadaye nikitafuta jibu la mama.

Miaka michache baada ya The Terror, Karloff alikuwa bado anamdai Corman kazi? Hapana, ni kinyume: Karloff ndiye aliyekuwa na deni la siku mbili za kazi kwa Corman. Corman, mtu asiyetupa ugali, akamwita kijana Peter Bogdanovich akamwambia: chukua hizo siku mbili za mzee, chukua na vipande vya The Terror, tengeneza filamu mpya. Ikatoka Targets, mwaka 1968.

Ndani yake Karloff anacheza mwigizaji mzee wa filamu za kutisha, Byron Orlok, anayetaka kuacha kazi. Sababu yake ni ileile ya mama wa Muhima: anasema filamu zake hazimtishi mtu tena, kwa sababu yaliyo kwenye magazeti yanatisha kuliko ngome yoyote. Upande wa pili kuna kijana mtanashati, wa familia nzuri, anayenunua bunduki na kuanza kupiga watu bila sababu. Mwisho wanakutana kwenye uwanja wa sinema ambako watu wanatazama wakiwa ndani ya magari. Kijana amejificha nyuma ya skrini, anapiga risasi. Na kwenye skrini, mbele ya wale watu wanaokufa kweli ndani ya ile hadithi, inaonyeshwa The Terror.

Mzee Orlok anamwendea yule kijana kwa miguu, na fimbo yake. Kijana anamwona Karloff wa kwenye skrini upande mmoja, na Karloff wa kweli upande mwingine, anachanganyikiwa, hajui ampige yupi. Mzee anamfikia, anaangusha bunduki yake, na kumchapa makofi kama mtoto.

Mama, ikiwa binti yako anakusomea hii insha, jibu langu ni hili. Ulisema kweli, bafu ba kweli habana miziki. Hatuwezi kushindana nao, na hatutaki. Lakini walio na miziki tunaweza kuwasimamisha, tukarudisha nyuma, tukatazama tena ni wapi yule bibi alipokosea. Wa kweli hawakutupa hiyo nafasi.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaionyesha kambini. Nitatafsiri mimi. Pale kwenye maneno ya mtumishi safari hii nitasema sentensi zote.